Gaël Faye: Mfaransa anayeimba kama jirani wa Kobero!

Leo tuwaache kidogo mastaa wa Dar na vituko vyao, nikupeleke Nyakanazi. Kama hupajui, ni pale Biharamulo ambapo njia ya Kahama inakutana na ya Kigoma, na nyingine inapanda kwenda Ngara hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori kibao, nyama choma usiseme.

Nilikuwa nasubiri usafiri wa kwenda nyumbani Ngara. Dereva mmoja wa lori alifungulia muziki kwa sauti ya juu. Jamaa anachana Kifaransa, mimi naambulia patupu, maana Kifaransa changu kinaishia "bonjour". Mara kikaingia kiitikio, nikashtuka. Naelewa! Neno kwa neno! Sisi Wahangaza lugha yetu na Kirundi au Kinyarwanda ni pua na mdomo, hatuhitaji mkalimani.

"Huyu nani?" nikamuuliza.

"Gaël Faye huyo, dada. Mfaransa."

Mfaransa gani anaimba kama jirani yetu wa Kobero? Ndipo nilipoanza kumchimba jamaa, na leo nakumwagia yote.

Kwanza, mshikaji kazaliwa Bujumbura mwaka 1982. Baba Mfaransa, mama Mnyarwanda aliyekuwa mkimbizi Burundi. Utoto wake ulikuwa wa raha tu, maembe na baiskeli, mpaka Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye alipouawa na Burundi ikawaka moto. Aprili 6, 1994 ikatunguliwa ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda, naye Rais Ntaryamira wa Burundi alikuwa humo. Walikuwa wanatoka kwenye mkutano hapahapa Dar es Salaam! Yakafuata mauaji ya kimbari ya Rwanda. Katikati ya vita ya Burundi dogo akaanza kuandika mashairi, basi tu ili woga umtoke. Mwaka 1995 yeye na dada yake wakapandishwa ndege kwenda Ufaransa.

Hapo naomba tusimame kidogo. Wakati yeye anapanda ndege, wenzake walikuwa wanatembea kwa miguu kuja kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya kama saa 24 tu, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakitokea Rwanda. Benaco ikageuka jiji la maturubai. Warundi nao wakajaa Lukole, kambi iliyokuja kufungwa mwaka 2008. Mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi wakaanzisha Radio Kwizera pale Ngara. Kwizera maana yake ni kutumaini. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini mama yangu aliuza ndizi Benaco, na mpaka kesho ukimtajia mto Kagera wa mwaka ule anabadilisha mazungumzo.

Turudi kwa staa wetu. Ufaransa alikutana na baridi, na akakutana na rap. Akasoma mambo ya fedha, akapata kazi London kwenye kampuni ya uwekezaji. Suti, tai, mshahara wa nguvu. Unajua alifanya nini? Baada ya kama miaka miwili akabwaga manyanga, akarudi kwenye kipaza sauti! Mimi ninayehesabu nauli ya Hiace nilipofika hapo nilitikisa kichwa.

Akaanza na kundi la Milk Coffee and Sugar pamoja na Edgar Sekloka. Mwaka 2013 akafyatua albamu yake mwenyewe, "Pili Pili sur un croissant au beurre", yaani pilipili juu ya ule mkate laini wa siagi wa Wafaransa. Pilipili ni mama, siagi ni baba, mwenyewe ndiye mchanganyiko. Humo ndimo kilimo kibao cha "Petit pays", Nchi Ndogo, kile cha Nyakanazi. Mwaka 2016 jina hilohilo akalipa riwaya yake ya kwanza, ikazoa tuzo ya Goncourt inayochaguliwa na wanafunzi wa sekondari. Wenzetu wa sekondari wanatoa tuzo, sisi tulikuwa tunatoa majina ya kejeli. Nitakueleza. Filamu ya kitabu ikatoka 2020, mwaka wa albamu "Lundi méchant", ambayo humo kaimba na marehemu Harry Belafonte, yuleyule aliyeimba Malaika na Miriam Makeba. Riwaya ya pili, "Jacaranda", ikanyakua tuzo ya Renaudot mwaka 2024. Na tangu 2015 alihamia Kigali na familia yake.

Sasa yale majina. Nilisoma bweni mbali na nyumbani. Kwa lafudhi yangu tu nikabatizwa "mkimbizi". Nikichelewa chakula, "mkimbizi kakosa mgao". Ilinichoma. Kuanzia kidato cha pili, mgeni akiniuliza kwetu wapi, nilikuwa najibu Bukoba. Miaka mitatu nimeukana Ngara yangu, mchana kweupe. Halafu huyu bwana, ambaye angeweza kujiita Mfaransa na mambo yakaisha, kachukua kilekile nilichokuwa nakificha, kakiweka kwenye kiitikio, na kumbi za Paris zinaitikia!

Pale Nyakanazi nikamtafsiria dereva kiitikio kizima. Akanitazama juu mpaka chini.

"Kumbe we Mrundi?"

"Mhangaza. Wa Ngara," nikamjibu. Naye wala hakucheka, akaniongezea sauti tu.

Nilipofika nyumbani nikamwekea mama wimbo ule kwenye simu. Alikuwa anamenya ndizi. Kwenye Kifaransa akaendelea kumenya. Kiitikio kilipoingia kisu kikasimama. Ulipoisha akauliza huyo mtoto ilikuwaje akafika Ulaya, nikamsimulia yote mpaka kwenye ndege. Akanyamaza kitambo, akafuta mikono kwenye kanga.

"Rudisha pale mwanzo," akasema. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaanza mwenyewe kunisimulia habari za Benaco.