Kucha, Utando wa Mdomoni na Upungufu wa Damu

Leo tunazungumzia diskeratosisi, ugonjwa wa nadra wa kurithi ambao unaweza kudhaniwa kuwa ni fangasi tu.

Je, ugonjwa huu hutoka wapi? Mwili umejengwa kwa seli. Ndani ya kiini cha seli kuna RNA ndogo ndogo zinazofanya kazi pamoja na protini. RNA huonyesha mahali pa kurekebishwa, nayo protini hurekebisha, mfano wa fundi na kijana anayemshikia tochi. Protini mojawapo huitwa diskerini. Pia husaidia kutunza ncha za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi wetu. Ncha hizo ni kama kile kiplastiki cha mwisho wa kamba ya kiatu. Kikitoka, kamba huchambuka. Diskerini ikiwa na kasoro, ncha hufupika mapema. Seli zinazogawanyika upesi huchoka: za ngozi, kucha, mdomo, na uboho unaotengeneza damu.

Je, dalili ni zipi?
- Kucha nyembamba, zenye mistari, zinazopasuka au kupotea.
- Madoa kama wavu shingoni na kifuani.
- Utando mweupe mdomoni usiofutika wala kupona kwa dawa ya fangasi.
- Viganja vyeupe, kuchoka, kutokwa damu puani au homa za mara kwa mara.

Usiogope mama. Watoto wengi wenye kucha mbovu au utando mdomoni hawana ugonjwa huu. Lakini dalili hizi zikikutana kwa mtoto mmoja, usiendelee kununua dawa dukani. Mpeleke hospitali apimwe damu kamili.

Mwaka 1998 wanasayansi waligundua kuwa jeni ya diskerini, iliyo kwenye kromosomu ya X, ndiyo yenye kasoro katika familia nyingi. Mvulana hupata X yake kwa mama. Mama anaweza kubeba kasoro hiyo akiwa mzima kabisa, na kila mwanawe wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Jeni nyingine huweza kutoka kwa baba pia. Kwa hivyo si laana, si kurogwa, wala si kosa la mama. Mweleze daktari kama kuna mjomba au kaka aliyefariki akiwa na upungufu wa damu.

Je, kuna matibabu? Upandikizaji wa uboho huweza kurejesha damu, ingawa hauponyi mapafu wala ngozi. Nyumbani, mkinge mtoto na moshi wa sigara na jua kali, na mdomo wake ukaguliwe mara kwa mara, kwani utando ule huweza kugeuka saratani.

Mama, chunguza kucha za mwanao leo unapomwogesha. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.