Kabla hujanunua bando jingine Mwamkulu

Kijana wa Mwamkulu, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu kwenye kompyuta ya nyumbani. Akifika kwenye kupakia vyeti, mtandao unakata. Unarudi, kisha unakata tena. Dirisha la Bodi ya Mikopo lina siku yake ya kufungwa, na halisubiri ruta ya mtu. Ndiyo maana ushauri wa haraka unaosikika kila mahali, kwamba nunua bando jingine au badili laini, unaniudhi: unamtoa mtu fedha kabla hajajua ugonjwa uko wapi.

Intaneti ya nyumbani hupita hatua tatu: kutoka kompyuta hadi ruta au simu inayogawa mtandao, kutoka hapo hadi mnara, na kutoka mnara hadi duniani. Kujua iliyokatika ni kazi ya dakika chache. Kwenye Windows, andika cmd katika sehemu ya kutafutia, kisha kwenye dirisha jeusi andika ping ikifuatiwa na anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na umalizie kwa -t. Fungua dirisha la pili ufanye vivyo hivyo kwa 8.8.8.8. Mtandao ukikata, tazama. Ruta ikiacha kujibu, tatizo limo humo humo ndani. Ruta ikiendelea kujibu huku 8.8.8.8 ikinyamaza, tatizo liko mbele yake.

Ndani ya nyumba, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni Windows yenyewe. Katika orodha ya vifaa, kwenye sifa za kadi ya waifai, sehemu ya umeme, kuna kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kuizima kadi hiyo ili kuokoa umeme. Ondoa alama hapo. Wanaotumia hotspoti wakague pia simu, kwa kuwa nyingi huizima zenyewe zikiona haitumiki. Tena, Windows hupakua masasisho kimyakimya hadi bando linakwisha. Ukiiwekea waifai hiyo alama kwamba inalipiwa kwa kipimo, itapunguza ulaji huo.

Kompyuta kuukuu za mezani zina kisa chao. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mkuu ikifa, umeme ukikatika saa na tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Kompyuta ikidhani tuko mwaka 2010, tovuti salama zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana bado havijaanza kazi. Mwenye kompyuta anasema mtandao umekata, kumbe tarehe ndiyo mbovu. Atazame saa kwanza, kabla ya kukubali kufutiwa Windows yote.

Tatizo likiwa mbele ya ruta, ihamishie dirishani upande wa mnara, kwani bati huzuia mawimbi. Na ikiwa ruta ndiyo iliyoacha kujibu, tazama taa zake: zikizimika zote na kuwaka upya, umeme ndio unaoyumba, na bando jipya halitasaidia kitu.

Kuna siku kosa liko mbali kabisa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini kote. Siku kama hiyo hakuna cha kurekebisha nyumbani.

Lakini ikiwa mtandao unakata kila jioni, na ruta yako inajibu vizuri, andika saa za kukata kwa siku kadhaa na uzipeleke kwa huduma kwa wateja ya kampuni yako. Wasipokusikiliza, malalamiko hayo hupokelewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na daftari lenye tarehe na saa ni ushahidi ambao mhudumu hawezi kuujibu kwa kukwambia uzime simu na kuiwasha.