Kisangani: Namba ndogo ya diodi inayoamua kama amplifaya itapiga muziki au itaungua

Mjini Kisangani, mkoani Tshopo, anayetaka kujiundia amplifaya hana haja ya kiwanda. Transfoma hutoka kwenye redio mbovu, vipuri hubanduliwa kwenye bodi za zamani, na mchoro wa saketi hupakuliwa kwenye simu. Kinachowakwamisha wengi wanaoanza ni maandishi madogo kando ya alama moja ya pembetatu: D1, 1N4007, 1N4148, C5V1. Zote ni diodi, lakini kazi zao hazifanani, na kuweka moja mahali pa nyingine kunaweza kuunguza chombo siku ya kwanza kinapowashwa.

Hasara hiyo ni nzito zaidi katika mji huu. Kwa njia ya mto, Kisangani iko takriban kilomita 1,700 kutoka Kinshasa, na kipuri kisichopatikana sokoni husubiriwa. Umeme wa kituo cha mto Tshopo, kinachoendeshwa na shirika la SNEL, hukatika mara kwa mara, hivyo muziki wa kanisani, wa baa au wa harusi mara nyingi huendeshwa kwa betri, jenereta au sola. Kila mara nyaya zinapohamishwa, kuna nafasi ya kukosea chanya na hasi. Kazi ya kuzuia kosa hilo huachiwa diodi.

D1 ni nafasi, 1N4007 ni aina

Jambo la kwanza ni kutenganisha maandishi mawili. Herufi D na namba inayofuata, kama D1 au D4, hutaja nafasi ya kipuri kwenye mchoro, kama namba ya nyumba mtaani. Haisemi lolote kuhusu nguvu yake. Michoro mingine ya Kimarekani huandika CR badala ya D, na maana ni ile ile. Maandishi ya pili, kwa mfano 1N4007, ndiyo yanayotaja aina ya kununua. Ukiona "D1-D4: 1N4007", mchoro unataka diodi nne za aina moja, na mara nyingi hizo ndizo daraja linalogeuza umeme wa mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu.

Alama yenyewe ni pembetatu inayogusa mstari. Umeme hupita kuelekea inakoelekea ncha ya pembetatu. Upande wa mstari ni kathodi, huandikwa K, na kwenye kipuri chenyewe huonyeshwa kwa mkanda uliozunguka mwili: mweupe au wa fedha kwenye diodi nyeusi ya plastiki, mweusi kwenye ile ndogo ya kioo. Ikiwa diodi moja tu kati ya nne za daraja itageuzwa, transfoma itapata shoti katika nusu moja ya kila wimbi, itapata moto, na fyuzi itakatika kama ipo.

Namba zinasema nini

Aina zinazoanza na 1N zimesajiliwa kwa mfumo wa Kimarekani. Namba zenyewe hazisemi volti, kwa hiyo hukaririwa. Familia ya 1N4001 hadi 1N4007 hubeba ampea 1. Tofauti yao ni volti zinazohimiliwa upande wa nyuma, kuanzia 50 kwa 1N4001 hadi 1,000 kwa 1N4007. 1N5408 hubeba ampea 3. 1N4148 ni ya kioo, ndogo na ya haraka, lakini hubeba takriban ampea 0.2 tu, kwa hiyo ni ya ishara, si ya kulisha amplifaya nzima.

Mfumo wa Ulaya husema zaidi. Herufi ya kwanza ni mata: A kwa germani, B kwa silikoni. Ya pili ni kazi: A kwa diodi ya ishara, Y kwa ya kunyoosha umeme, Z kwa diodi ya Zener. Hivyo AA119 ni ya germani na BY127 ni ya silikoni ya kunyoosha umeme. BZX79-C5V1 ni Zener ya volti 5.1: herufi V imekaa mahali pa nukta, ili nukta isipotee mchoro unaponakiliwa vibaya. C maana yake kipimo kinaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5.

Ipi inachukua nafasi ya ipi

Kwa anayetegemea vipuri vya bodi za zamani, swali kubwa ni hili: kama iliyoandikwa haipo, naweza kuweka gani? Katika familia ya 1N4001 hadi 1N4007, yenye volti nyingi inaweza kuchukua nafasi ya yenye volti chache, lakini si kinyume chake. Umeme wa volti 220 hupanda hadi takriban 311 kileleni. 1N4001 haiwezi kuhimili hapo.

Zener ni jambo jingine. Kazi yake ni kushika volti maalumu, hivyo ya volti 12 haibadilishwi na ya 5.1. Tena huchorwa kathodi ikielekea chanya, na hapo ndipo baadhi ya wanaoanza hudhani mchoro umekosewa na kuigeuza. Ni rahisi kuichanganya na 1N4148, kwa kuwa zote mbili huja katika kioo kidogo. Mita nayo haisaidii sana: upande wa mbele, zote husoma takriban volti 0.6 hadi 0.7. Maandishi ya kwenye mwili ndiyo ya kuaminiwa, hata ikibidi kutumia kioo cha kukuzia.

Diodi zinazoonekana hazina kazi

Mchoro wa kawaida wa TDA2030, chipu ya amplifaya inayopendwa na wanaojifunza, una diodi mbili za 1N4001 kati ya njia ya spika na nyaya za umeme. Muziki hupiga hata zikiondolewa. Kazi yake ni kukinga chipu dhidi ya miruko ya volti inayorudishwa na koili ya spika.

Kwenye amplifaya za transista, diodi mbili za 1N4148 kati ya besi za transista za mwisho hushikilia volti zinazozuia mkwaruzo pale wimbi linapovuka sifuri. Moja ikikatika, transista zote mbili hufunguka kwa pamoja na zinaweza kuungua.

Wapo pia wanaotaka mkwaruzo kwa makusudi. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa lilijulikana duniani kwa likembe zenye sauti ya kukwaruza, zilizokuzwa kwa maikrofoni za kujitengenezea. Kwenye kifaa cha gitaa, mkwaruzo wa namna hiyo hupatikana kwa diodi mbili zilizopishana mwelekeo, zinazokata vilele vya wimbi. Za germani huanza kukata kwenye takriban volti 0.3, za silikoni kwenye 0.6. Hapo kubadilisha aina hakuunguzi kitu. Kunabadilisha sauti tu.

Kabla ya kuwasha

Mafundi hupima kila diodi ikiwa nje ya bodi au mguu mmoja ukiwa umeinuliwa: upande mmoja isome, upande wa pili isisome. Inayosoma pande zote imekufa.

Hesabu ya kapasita nayo hufuata diodi. Transfoma ya volti 12 hutoa takriban 17 kileleni. Daraja hula 1.4, hubaki karibu 15.6. Kapasita ya volti 16 iko ukingoni. Ya 25 ni salama, hasa umeme wa mtaani unapopanda ghafla.

Mwisho, amplifaya mpya ya umeme wa 220 huwashwa kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikimulika kidogo na kufifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti: chomoa, kisha anza kukagua mikanda ya D1 hadi D4.