Uchumi Ukibana, Kwa Nini Kazi ya Mama Huenda Kwanza?

Muulize mama mboga yeyote pesa yake huingia saa ngapi. Atakwambia ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, watu wakishuka matatu na kukumbuka kwamba nyumbani hakuna sukuma wala nyanya. Asubuhi anauza kidogo kidogo, mchana anakatakata mboga akiongea na majirani, lakini siku yake yote iko kwenye hizo saa tatu za jioni.

Sasa rudi nyuma hadi tarehe 27 Machi 2020. Kafyu ya serikali inaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa maandishi sheria ilikuwa moja kwa kila Mkenya. Lakini fundi wa ujenzi hutoka site saa kumi na moja jioni, na karani wa ofisi alikuwa tayari anafanya kazi na laptop mezani kwake. Mama mboga ndiye alipoteza soko lake karibu lote, kwa sababu kufikia saa kumi na mbili wateja walikuwa wanakimbia nyumbani na yeye pia alikuwa anafunga kibanda.

Tumechagua kuanza na kisa hiki kwa sababu kila wakati uchumi ukitikisika, hapa kwetu wanaouliza swali la mikopo na akiba kwa wingi huwa ni kina mama. Si kwamba wanaume hawaumii. Wanaumia. Lakini uchumi ukianza kubomoka huwa haubomoki pande zote kwa pamoja, na ukiangalia vizuri unaona kwa nini upande wa wanawake huanza.

Tazama kazi zenyewe. Saluni, hoteli, shule za kibinafsi, kufua nguo, kulea watoto, kuuza mitumba, kuchuma na kufunga maua. Mwaka 2020 hizi zote ziligongwa kwa wakati mmoja. Shule zilifungwa katikati ya Machi na hazikufunguka kikamilifu hadi Januari 2021, na walimu wengi wa shule za kibinafsi walikaa miezi bila mshahara kwa sababu hakuna karo iliyoingia. Mitumba kutoka nje ilisitishwa kwa miezi kadhaa, na mama anayefungua bale Gikomba akabaki kuuza mabaki. Kule Naivasha, soko la maua la Uholanzi lilianguka mwezi huo huo wa Machi, maua yakatupwa, na maelfu ya wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani likizo bila malipo. Ukishawahi kuingia kwenye banda la kupanga maua unajua wengi wanaosimama pale mezani ni wanawake.

Halafu kuna kazi za ndani, ambazo huwa hazitangazwi zikipotea. Kampuni ikifuta watu 200 kazi, itatokea kwenye habari ya saa moja. Lakini wale 200 wakifika nyumbani, kitu cha kwanza wanachofanya ni kupiga hesabu upya. Mama fua aliyekuwa anakuja mara mbili kwa wiki anaambiwa aje mara moja, kisha "nitakupigia." Dada wa kazi anapewa nauli ya kwenda kwao. Hakuna barua wala mtu wa kuhesabu. Na jambo hili halikuisha na korona. Mwaka 2022 bei ya unga ilipopita shilingi 200 kwa pakiti ya kilo mbili, na baadaye makato mapya yalipoanza kuonekana kwenye slipu ya mshahara, hesabu hiyo hiyo ilipigwa tena kwenye nyumba nyingi. Ukipita Eastleigh asubuhi utaona kina mama wameketi kando ya barabara wakingoja mtu wa kuwaita kufua. Idadi yao hukuonyesha hali ya uchumi haraka kuliko ripoti yoyote.

Juu ya hayo, kazi ya nyumbani isiyo na malipo huongezeka. Utafiti wa serikali kuhusu matumizi ya muda, uliofanywa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kupika, kusafisha na kulea. Shule zikifungwa, nani anabaki na watoto? Mgonjwa akitolewa hospitali kwa sababu bili imekuwa kubwa, nani anamlisha? Huyo mtu hawezi kwenda kutafuta kazi nyingine hata kama ipo.

Hebu tupige hesabu kidogo, mfano tu. Mama mboga ana mtaji wa 3,000. Siku nzuri anapata faida ya 700, nyumba inatumia 500, na 200 anaweka. Jioni ikikatwa, nyanya zinaoza, faida inashuka hadi 200. Nyumba bado inakula 500. Kwa hivyo kila siku 300 zinatoka kwenye mtaji. Siku kumi, mtaji umeisha. Na kwa kweli huisha kabla ya hapo, kwa sababu stoki ikipungua faida nayo hupungua. Kafyu ikiondolewa, mwenye mshahara anarudi kazini na kuukuta mshahara. Huyu anarudi sokoni na hana cha kununulia. Ndiyo maana kina mama wengi hurudi polepole baada ya misukosuko, wakati takwimu zinasema uchumi umepona.

Simu ilisaidia wapi? Ilisaidia, na si maneno ya matangazo. Tarehe 16 Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma shilingi 1,000 kushuka chini hakutatozwa, na hali hiyo ikaendelea hadi mwisho wa mwaka. Kwa mtu anayetuma 50,000 hilo halikuwa jambo. Kwa mama anayepokea 300 kutoka kwa dada yake, 200 kutoka kwa mtoto na kutuma 150 kwa chama, ilikuwa tofauti ya unga. Na kabla ya hapo, mwaka 2016, watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha matokeo ya miaka mingi ya kufuatilia familia za Kenya. Walikadiria kwamba kufikiwa na huduma ya pesa kwa simu kulitoa familia 194,000 kwenye umaskini, na kuwawezesha wanawake 185,000 kuhama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda kwenye biashara. Athari ilikuwa kubwa zaidi kwenye nyumba zinazoongozwa na wanawake.

Lakini simu ina upande mwingine, na huu niliuona nyumbani kwetu.

Shangazi yangu alikuwa na saluni ya viti vinne, na wasusi wawili aliowalipa kwa kichwa. Mimi nilikuwa chuoni wakati huo, nimerudishwa nyumbani na korona, nikishinda kwake kwa sababu alikuwa na wifi. Mwezi wa nne wateja waliisha kabisa. Nani angekubali kusukwa saa tano mfululizo, uso karibu na uso? Aliwaachilia wasusi, akauza draya moja, akabaki na kodi ya duka. Hayo yote tuliyatarajia.

Tusilolitarajia ni hili. Laini iliyokuwa ikipokea malipo ya saluni kwa miaka mitano ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mumewe. Alipofungua saluni, kitambulisho chake kilikuwa kimepotea, wakasema watumie cha mzee kwa muda. Unajua vile "kwa muda" huwa. Mumewe naye alipopoteza kazi yake ya udereva, alikopa kwenye laini hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa cha mkopo. Kiwango hicho kilijengwa na nywele alizosuka shangazi. Alikopa ili kulipa kodi ya nyumba, si mtu mbaya na siandiki hapa kumsema. Lakini kutoka siku hiyo kila mteja wa zamani aliyemtumia shangazi 500 za kumsaidia, au za kulipia nywele mbele, pesa ziliingia na kukatwa papo hapo kulipa deni.

Mwaka 2021 alienda kwenye Sacco kuomba mkopo wa kufungua upya. Wakamwambia alete taarifa ya miamala ya miezi sita. Alikuwa na biashara ya miaka mitano na hakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Nakumbuka alirudi, akavua viatu mlangoni, akakaa kimya kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe mimi sijawahi kufanya kazi."

Kwa hivyo kama wewe ni mwanamke unayefanya biashara na laini unayotumia si ya jina lako, leo usome hapa tu kisha uende kwa wakala na kitambulisho chako. Kama kimepotea, anza na kukitafuta kipya. Wajulishe wateja kwa namba mpya taratibu. Usingoje ugomvi ndio uhame, kwa sababu kuhama wakati wa ugomvi huonekana kama vita, na kuhama wakati wa amani ni utaratibu wa biashara tu. Tunajua kuna nyumba ambazo jambo hili haliwezi kusemwa kirahisi. Hapo anza na namba ya siri: hiyo ni ya mtu mmoja, na mume, mama mkwe au mtoto hana haki ya kuijua, sawa na sisi tunaotoa huduma hii. Hatutakuuliza kamwe.

Pili, tenganisha pesa ya biashara na ya nyumba. Najua ushauri huu umeusikia mpaka umechoka. Sababu ya kuurudia ni kwamba pesa zikipita njia moja, mkopeshaji haoni biashara, anaona mtu anayepokea na kutoa. Namba ya malipo ya biashara hukuandikia historia kila siku bila wewe kushika kalamu, na siku hali ikiharibika historia hiyo ndiyo dhamana ya mtu asiye na shamba wala logbuku.

Kuhusu mikopo ya simu, tutasema wazi ingawa ni biashara yetu na ya wenzetu. Mkopo wa kununua gunia la viazi ambalo utaliuza kesho ni kitu kimoja. Mkopo wa kula leo, ukilipwa na mkopo mwingine wa programu nyingine kesho, ni shimo, na shangazi yangu alifika programu ya tatu kabla ya kusimama. Ukiona unakopa chakula, ongea na mkopeshaji kabla ya siku ya kulipa, na rudi kwa chama. Chama kinaweza kukuongezea mwezi bila kukutoza. Ila chama nacho kiwe na kumbukumbu: michango itumwe kwa simu kwenye akaunti ya kikundi, isipokelewe mkononi na mweka hazina ambaye naye ana njaa.

Na kwa walioajiriwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akipunguza wafanyakazi anapaswa kutoa notisi ya angalau mwezi mmoja, kumjulisha afisa wa leba, na kulipa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima uliofanya kazi. Dada wa kazi naye ni mfanyakazi mbele ya sheria hiyo. Tatizo huwa ushahidi, kwa sababu wengi hawana mkataba wa maandishi. Omba kulipwa kwa simu, tarehe ile ile kila mwezi. Ukifika kwa ofisi ya leba na ujumbe 36 za mshahara kutoka namba moja, mwajiri hawezi kusema hakujui. Usizifute hizo ujumbe ili kupata nafasi ya picha. Na ukibadilisha simu, omba taarifa ya miamala yako kwanza na uihifadhi kwenye barua pepe.

Kama wewe ndiye mwajiri na lazima upunguze, angalau mwambie mapema, na umlipe kwa njia inayoacha alama. Inakugharimu kidogo sana.

Shangazi alikataliwa na Sacco ile. Alichukua laini mpya kwa jina lake siku iliyofuata, akaanza kusuka kwa wateja nyumbani kwao, na kila aliyemlipa mkononi alimwomba arudishe pesa mfukoni atume kwa simu. Wengine walimwona mtu wa usumbufu. Baada ya mwaka mmoja aliomba tena mahali pengine na akapewa. Si nyingi. Ana viti viwili sasa, na mmoja wa wale wasusi amerudi. Mwingine alishaenda kwao, anauza maziwa, na akasema haji tena Nairobi.