Kuchagua Kitambaa cha Jezi

Kikundi chetu cha ushonaji kilipewa kazi ya kushona jezi 15 za timu ya mpira ya kijiji. Tulichanga fedha, na watu wawili tukatumwa Dar es Salaam kununua kitambaa. Pale Kariakoo maduka ya vitambaa ni mengi, na majora yamepangwa mpaka darini. Tukaona kitambaa chekundu kinachong'aa. Muuzaji akasema ni cha jezi. Tukalipa. Katika mechi ya kwanza jezi 4 zilipasuka kwapani, na wachezaji walisema wanahisi kama wamevaa mifuko ya nailoni.

Kosa lilikuwa letu. Tulinunua kwa macho tu.

Ndugu msomaji, tazama kwanza jinsi kitambaa kilivyofumwa. Kanga, kitenge na shuka vimefumwa kwa nyuzi zinazopitana, nyingine za wima na nyingine za kulala. Havivutiki. Kitambaa cha jezi kimefumwa kwa vitanzi vidogo, kama sweta. Kwa hiyo nenda dukani na rula. Shika sehemu ya sentimita 10, uivute kwa upana. Ikifika sentimita 12 au 13, kisha ukiiachia ikarudi 10, kitambaa kinafaa. Ikibaki imelegea, jezi itafika magotini kabla ligi haijaisha!

Kisha uliza nyuzi zake ni za nini. Pamba hunywa jasho, lakini hulishika. Jezi huwa nzito na hukawia kukauka. Poliesta karibu hainywi maji. Jasho hutandaa juu yake na kukauka upesi. Ndiyo maana jezi nyingi za mpira ni za poliesta. Lakini kitambaa kiwe na matundu madogo ya kupitisha hewa. Kile chetu chekundu kilikuwa poliesta pia, ila kilifumwa kama shuka, tena kwa kubana sana.

Muuzaji naye huenda hajui nyuzi ni za nini. Mwombe kipande kidogo, utoke nacho nje, mbali na majora. Chomoa uzi, uushike kwa koleo, uuwashe kiberiti. Pamba huwaka, hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha punje ngumu. Usiiguse punje hiyo ikiwa moto, hung'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya. Ukipata jivu pamoja na vipunje vigumu, nyuzi zimechanganywa.

Rangi nayo ipimwe. Lowesha kitambaa cheupe, usugue juu ya kile unachotaka kununua. Rangi ikihamia kwenye cheupe, namba nyeupe za mgongoni zitageuka kuwa za waridi siku ya kufua.

Usisahau upana. Majora mengine yana sentimita 150, mengine 115 tu. Beba jezi kuukuu, uitandaze juu ya kitambaa kabla ya kukubali bei. Ikiwa jezi moja yataka mita 1 na sentimita 20, jezi 15 zataka mita 18. Kitambaa kikiwa chembamba, mita hizo hazitatosha. Kikishakatwa, ni vigumu kukirudisha.

Kwa koti la mvua mambo ni kinyume. Hapo twataka kitambaa kisichopitisha maji. Weka tone la maji, lisimame kama juu ya jani la mgomba. Weka mdomo upande wa nyuma, upulize kwa nguvu. Hewa ikipita, mvua nayo itapita. Mahema na makoti ya mitumba hutoa kitambaa kizuri kwa bei ndogo, lakini papasa ndani. Kama panabanduka au panang'ata vidole kama gundi, achana nacho. Na ukishona, usiweke mshono begani, kwa kuwa kila tundu la sindano huvujisha.

Kitambaa cha vitanzi kishonwe kwa uzi wa poliesta na sindano yenye ncha butu kidogo. Tumia mshono wa zigizaga. Mshono ulionyooka hukatika kitambaa kinapovutika.

Mara ya pili tulikwenda na rula, jezi kuukuu na kiberiti. Tulizunguka maduka 6 kabla ya kulipa. Kile kitambaa chekundu tulikishonea mifuko ya kubebea mipira na viatu, na mpaka leo haijachanika.