MASAA YA ZIADA SI MATABISHI



Wengi kati yetu tunalipiwa masomo na wazazi wanaofanya kazi ya kuhesabiwa saa: kushusha mizigo ya masua pale Lualaba, kupakia treni, kulinda depo, kujenga. Mara nyingi baba anarudi giza imekwisha kuingia. Siku ya malipo wanamuongezea kidogo na kumwambia: «Shika, hii matabishi yako.» Sisi wa kalasi ya mwisho tunataka kueleza kwamba ile si zawadi. Iko na hesabu yake.

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kazi isipite masaa 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Saa inayopita pale ni ya ziada, na inafaa ilipwe zaidi. Kipimo kiliwekwa na amri ya waziri nambari 68/11 ya tarehe 17 Mei 1968:

1. Masaa 6 ya kwanza nyuma ya yale 45: ongeza 30 kwa 100.
2. Masaa yanayofuata: ongeza 60 kwa 100.
3. Masaa ya siku ya kupumzika, ambayo kwa kawaida ni siku ya Mungu: ongeza 100 kwa 100, ndiyo kusema mara mbili.

Tufanye mfano. Mtu analipwa faranga 2.000 kwa saa. Amefanya masaa 9 kila siku, siku 6. Jumla masaa 54.

45 × 2.000 = 90.000
6 × 2.600 = 15.600
3 × 3.200 = 9.600
Yote: faranga 115.200

Bwana wa kazi akizidisha tu 54 kwa 2.000, atatoa 108.000. Faranga 7.200 zimepotea kwa juma moja, na kwa majuma 4 ni 28.800. Hesabuni wenyewe ni kaye ngapi! Na kama aliitwa tena siku ya Mungu kwa masaa 4, hayo yanahesabiwa mbali: 4 × 4.000 = 16.000.

Na mwenye kulipwa kwa mwezi je? Masaa 45 mara majuma 52, gawanya kwa miezi 12, unapata 195. Basi gawanya mshahara wa mwezi kwa 195, utajua bei ya saa moja.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Tangu 1919, mapatano ya kwanza ya Shirika la Kazi la Kimataifa yalidai nyongeza isiyopungua 25 kwa 100. Jirani zetu wa Tanzania, kwa sheria yao ya 2004, wanaongeza nusu ya bei ya saa.

Lakini hesabu bila maandishi haina nguvu. Mfanyakazi awe na kaye ndogo, aandike kila siku tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Siku ya malipo aombe karatasi ya hesabu, maana sheria inamlazimisha bwana wa kazi kuitoa. Kama hawasikilizani, waende kwanza kwa mkaguzi wa kazi, mbele ya kufika tribinali.

Wazazi wengine hawakupata masomo haya. Sisi tunajua kuzidisha na kugawanya. Basi tukae nao jioni, tuwasaidie kushika ile kaye.