Kila Prosesa na Vifurushi Vyake

Fungueni madaftari yenu mwandike maneno mawili: prosesa, kifurushi.

Prosesa ni ile sehemu ya kompyuta ifanyayo hesabu na kutii amri. Kifurushi ni programu iliyofungwa tayari kuingizwa katika kompyuta.

Sasa mfikirieni fundi wa baiskeli. Ana matairi ya inchi 26 na ya inchi 28. Yote ni mazima, lakini tairi la 26 halikai katika rimu ya 28. Ndivyo zilivyo programu. Prosesa za aina mbalimbali hazifuati amri za namna moja. Programu iliyotengenezwa kwa aina moja, ukiitia katika kompyuta ya aina nyingine, haitakwenda, ingawa haina kosa lo lote.

Kwa sababu hiyo kila kifurushi hutiwa alama. Tuchukue mfano wa Debian, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Alama amd64 ni ya prosesa za biti 64 za AMD, na za Intel pia. Alama i386 ni ya programu za biti 32 za jamii hiyo hiyo. Alama arm64 ni ya prosesa za ARM, jamii nyingine kabisa. Kujua kompyuta yako ni ya alama gani, andika:

dpkg --print-architecture

Tuseme chama cha ushirika kimenunua kompyuta ya amd64, lakini hesabu zake za miaka mingi zimo katika programu ya zamani ya i386. Je, hesabu zipotee? La, hasha. Prosesa ya amd64 yaweza kufuata amri za i386 pia. Shida ni maktaba, yaani visaidizi ambavyo programu huviazima. Maktaba za aina hizi mbili huwa na majina yale yale. Zikiwekwa mahali pamoja, moja itaifuta nyingine. Zamani Debian ilizifunga maktaba nyingi za biti 32 katika furushi moja kubwa, ia32-libs. Ikirekebishwa maktaba moja ndogo, ilibidi furushi zima lifungwe upya.

Mwaka 2013, Debian 7 ilileta njia iliyo bora, iitwayo Multiarch. Kila aina ilipewa folda yake: /usr/lib/x86_64-linux-gnu ni ya amd64, na /usr/lib/i386-linux-gnu ni ya i386. Ni kama fundi wetu aliyetenga rafu mbili. Kuifungua rafu ya i386, msimamizi wa kompyuta huandika:

dpkg --add-architecture i386
apt update

Kisha, akiagiza kifurushi, huongeza :i386 nyuma ya jina lake.

Lakini angalieni sana! Amri hii hufungua rafu tu, haibadili prosesa. Ukiongeza arm64 katika kompyuta ya amd64, programu zake hazitakwenda bila programu nyingine ya kuzifasiria amri. Tena, tangu Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, i386 imebakizwa kwa ajili ya programu za zamani ndani ya kompyuta za amd64 tu.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini kifurushi kizima chaweza kukataa kufanya kazi?
2. Kwa nini maktaba za aina mbili zisiwekwe mahali pamoja?
3. Kompyuta ya darasa lenu ni ya alama gani?